Jina Nililolitaja Ipililo

Mwanhuzi,
21 Aprili 1996

Mwanangu Joakim,

Nimefika salama. Basi lilitutikisa njia nzima, mpaka jogoo wa mama niliyeketi naye akaacha kuwika akawa anaguna kama mzee. Dada yako Minza alikuwa ananisubiri kituoni tangu asubuhi. Aliponiona alilia, kisha akanisema kwamba nimekonda, kisha akalia tena. Unamjua.

Huku Meatu nchi ni kavu kuliko kwetu Dutwa. Ng'ombe ni wengi, maji ni ya kutafuta. Wajukuu wananigombania nilale kwa nani. Mume wa Minza ni mtu wa maneno machache, lakini jana aliniletea maziwa mwenyewe, hakumtuma mtu. Nimemsamehe ukimya wake.

Usinifikirie sana. Yale mawe waliyorusha juu ya bati letu siku zile mbili nimeshayasahau. Watu wakiwa na msiba wa jirani hutafuta la kusema, na mama mzee mwenye macho mekundu yuko karibu, hawahitaji kwenda mbali kumtafuta. Ulifanya vizuri kuniambia nije kwa Minza nipumzike na macho yapate dawa. Hapa kuna zahanati, nitakwenda.

Namuombea mjukuu wangu Novatus kila siku. Aliishi miaka mitatu tu, na bado nasikia anavyoniita. Wewe na mkeo Shida mnalia huko, na mimi nalia huku. Mungu anatusikia wote. Mwangalie sana mkeo, mimba ya baada ya msiba ni nzito. Asibebe maji kichwani.

Kama mwandiko umepinda, nisamehe. Kisukuma nakisema, lakini kuandika nilifundishwa kwa Kiswahili katika kisomo cha watu wazima, na mwalimu wetu mwenyewe alikuwa anapinda mistari.

Mama yako,
Apolonia


Dutwa,
9 Juni 1996

Mama mpendwa,

Mwangaluka mayu, nakuamkia mama kwa Kisukuma chetu. Barua yako niliipokea kwa kondakta, nikaisoma mara nyingi. Nilicheka habari ya jogoo. Shida alinishangaa, maana hajaniona nikicheka tangu Machi.

Sisi ni wazima. Pamba imetoka vizuri. Mwaka huu si ushirika peke yake unaonunua. Makampuni ya watu binafsi yamekuja na malori, kila moja na kipaza sauti chake, wanaita watu kutoka asubuhi kama mnada. Wazee wanasema dunia imegeuka. Baba mdogo Masunga amekodisha kiwanja chake kwa mnunuzi mmoja awe na gulio pale, akanisemea, na sasa mimi ni karani wa mizani. Nina kiti na mwavuli. Ungeniona ungenicheka.

Mama, usiwe na haraka ya kurudi. Macho hayataki haraka. Hao waliorusha mawe walikuwa walevi tu, lakini walevi hawajaisha Dutwa. Kaa kwa Minza mpaka nikuambie.

Shida anaendelea vizuri. Maji nachota mimi usiku ukiingia, ili watu wasinione.

Mwanao,
Joakim


Mwanhuzi,
30 Juni 1996

Joakim mwanangu,

Kwa hiyo mwanamume akimchotea maji mkewe ni jambo la kujificha? Baba yako, Mungu amrehemu, alinichotea maji mchana kweupe nilipokuwa na mimba yako, na waliomcheka walichoka wenyewe. Chota mchana.

Nimekwenda zahanati. Mganga wa pale ni kijana, ananiita bibi mpaka naona haya. Alinigeuza kope akatazama. Akaniuliza, "Bibi, unapika kwa kuni gani?" Nikamwambia kwetu miti hakuna, tunapika kwa miti ya pamba na kinyesi kikavu cha ng'ombe. Akasema, "Basi huu ni moshi, na ugonjwa wa kope uliokaa miaka mingi. Si kitu kingine." Alisema hivyo, si kitu kingine. Amenipa dawa ya kupaka. Naona vizuri kidogo, naona hata vumbi ambalo Minza anadhani amefagia.

Katekista Athanasi alipita huku kwenye semina yao, akaja kunisalimu. Nilimuuliza habari zako, akasema Jumapili huonekani, na ukionekana unakaa nyuma na hupokei komunyo. Sikumuuliza zaidi. Nakuuliza wewe. Kuna nini? Mtu akikaa na njaa mezani kwa Bwana, ama ni mgonjwa ama kuna kitu amekishika mkononi hataki kionekane.

Nataka kuja Shida akijifungua. Hana mama wa kumkanda, mama yake ni mimi. Niambie nije lini.

Mama yako,
Apolonia


Dutwa,
21 Julai 1996

Mama,

Shida amejifungua! Ni msichana, tarehe kumi na sita, hapa hapa nyumbani, wakunga wamemsaidia na yuko salama. Ana nywele nyingi kama baba. Tumekaa kumtazama kama watu wasiowahi kuona mtoto.

Kuhusu kuja, nakuomba usije sasa. Nataka kuezua jikoni nijenge upya, utakuja ukae wapi? Halafu barabara imeharibiwa na malori ya pamba. Na Shida anakandwa vizuri, Nyanjige jirani yetu anakuja kila siku na mafuta yake.

Kanisani ni kazi ya mizani inanibana. Msimu ukiisha nitatulia. Athanasi anapenda kusema sana.

Usinikasirikie mama. Nakupenda. Siku zote ujue hivyo, hata ukisikia nini.

Mwanao,
Joakim


Mwanhuzi,
11 Agosti 1996

Kaka Joakim,

Hii barua nimeiandika mimi, mama hajui. Nimemwambia naandikia duka la dawa.

Kila siku basi la Bariadi likifika, mama anatoka nje na kazi ya uongo. Leo alikuwa anaokota mawe kwenye mchele ambao alishauokota jana. Basi likipita anarudi ndani. Mtoto wako amezaliwa na yeye hajaitwa. Anasema unajenga jiko. Nikamwambia, mama, jiko gani linajengwa mwezi mzima? Akaniambia ninyamaze.

Juzi alilala kwetu mfanyabiashara wa ng'ombe anaitwa Jilala, ametoka mnadani huko kwenu. Hakujua mimi ni nani kwako. Wakati wa chakula akasimulia habari za Dutwa, akasema kuna bibi mmoja amekimbia kwa sababu mwanawe mwenyewe alikwenda kwa mganga wa kienyeji kule Ipililo na akamtaja mama yake kuwa ndiye amemla mjukuu. Mwanawe mwenyewe, kaka. Nilidondosha sufuria. Mama alikuwa chumbani na watoto, sijui kama alisikia.

Niambie ni uongo. Niandikie mstari mmoja tu, "Minza, ni uongo," nami nitamtafuta Jilala huko aliko nimtukane mbele ya ng'ombe wake.

Wewe ndiye uliyenibeba mgongoni kwenda shule mto ulipojaa. Siwezi kuamini.

Dada yako,
Minza


Dutwa,
15 Septemba 1996

Mama,

Minza aliniandikia mwezi uliopita akaniomba nimwambie kitu fulani ni uongo. Nimeshindwa kumjibu. Nimeona nikuandikie wewe, maana wewe ndiye unayestahili kusikia. Keti kwanza, mama. Kama Minza yuko karibu muite.

Novatus alipopata homa, wewe ulisema, "Mpeleke hospitali Bariadi leo." Ulisema mara mbili, na mara ya pili ulikuwa umeshafunga khanga kiunoni uende naye mwenyewe. Baba mdogo Masunga akasema hiyo si homa ya hospitali, ni ya kutupiwa, na mtoto akichomwa sindano atakufa. Mimi nilimsikiliza yeye. Tulipanda baiskeli tukaenda Ipililo kwa mganga, tukakuacha na mtoto. Nilikuambia tunakwenda kutafuta gari. Hapakuwa na gari, mama. Hatukutafuta gari.

Mganga yule alitazama vitu vyake akauliza, "Nyumbani kwako ni nani mwenye macho mekundu anayepika?" Baba mdogo aligeuka. Alinitazama mimi. Nami nikasema, "Ni mama."

Sikusema una hatia. Nilisema tu ni mama. Lakini nilijua ninachojibu. Alitupatia mizizi, akasema mtoto asitoke nyumbani mpaka dawa iishe. Tuliporudi ulimwona mtoto alivyokuwa. Wewe ulitaka kumbeba ukimbie naye barabarani, na mimi nilisimama mlangoni nikakuzuia. Alfajiri akatutoka mikononi mwako.

Baada ya maziko ilibidi awepo mtu wa kulaumiwa. Kama si wewe, ni mimi. Nikawaacha watu waseme ni wewe. Baba mdogo alieneza, na mimi sikukanusha. Walioturushia mawe niliwajua, wawili ni watoto wa baba mdogo. Nikakuambia uende kwa Minza kutibiwa macho. Nilijiambia nakuokoa. Kweli nilikuwa sitaki kukuona.

Sasa sikia kilichonileta kwenye karatasi hii. Wiki iliyopita mtoto alishikwa na homa, ile ile, mwili moto na macho yanageuka. Baba mdogo akaja akasema, "Mama yako anamfuata hata akiwa Meatu." Nilisimama kama gogo. Shida hakungoja, mama. Alimfunga mtoto mgongoni, akatoka, akasimamisha lori la pamba barabarani, akapanda juu ya mzigo. Mimi nilimfuata mbio mpaka dereva akanihurumia.

Hospitali walimpima wakasema ni malaria. Wakamchoma sindano ile niliyoambiwa inaua. Asubuhi alinyonya. Mama, alinyonya huku ananitazama.

Nilitoka nje ya wodi nikalia mpaka nesi mmoja akanifuata akidhani mtoto amekufa. Nikamwambia, "Huyu amepona. Ni yule mwingine." Hakuelewa. Mimi ndiye niliyeelewa. Novatus angeweza kupona. Wewe ulisema hospitali. Mimi nilizuia mlango, kisha nikakuvika wewe kifo chake.

Sikuombi unisamehe, sijui mtu anaombaje kitu kama hicho. Nimekuambia tu ili usiendelee kuniita mwanangu mpendwa bila kujua unamwita nani.

Joakim


Mwanhuzi,
29 Septemba 1996

Mwanangu mpendwa,

Naandika hivyo nikijua ninamwita nani.

Nilijua, Joakim. Nilijua kabla sijapanda basi. Siku ya tatu baada ya maziko nilikuwa jikoni nakoroga uji, na ninyi mmekaa nyuma ya ukuta. Nilimsikia shemeji Masunga akikuambia, "Usilegee sasa. Jina umelitaja mwenyewe kwa kinywa chako Ipililo." Nikangoja ukatae. Uji uliungua nikingoja. Hukukataa. Basi nikaepua uji, nikawapakulia, na nikaona wewe hukuugusa wangu. Ndipo nilipokata shauri la kuondoka. Hukunifukuza, ila uliponiambia niende nilikuwa nimeshafunga mzigo moyoni.

Minza anadhani sikumsikia Jilala. Watu wengi wananificha mambo siku hizi, nami nawaficha kwamba nayajua. Nyumba nzima tunanyatiana kama wezi.

Sasa nawe usikie la kwangu, maana si wewe peke yako uliyejificha. Nilipokuwa nakuandikia habari za jogoo, moyo wangu ulikuwa unachemka. Nilitaka uteseke. Nilikuuliza kwa nini hupokei komunyo, na mimi hapa nimepokea tangu Pasaka nikiwa na hasira imejaa mdomoni. Nilikwenda kwenye kitubio nikamwambia padre nimesengenya, nimemjibu mkwe wangu vibaya, nikataja madogo yote, na hili kubwa nikalikalia kama kuku. Nilijiambia nanyamaza kwa sababu ya upendo. Upendo ulikuwepo. Lakini nusu ilikuwa kulipiza. Nilitaka siku moja uje wewe mwenyewe, utambae.

Basi umekuja. Barua yako ilipofika niliisoma nje, na nilipofika pale ulipomfuata Shida mbio nyuma ya lori, sikuona tena maandishi. Nilimwona mtoto wangu anakimbia barabarani. Hasira niliitafuta, mwanangu, nikaikosa. Nilikwenda kwa padre kesho yake nikasema yote. Akaniambia, "Mama, mtu wa kwanza alipokosa alikwenda kujificha kwenye majani, na Mungu akamuuliza yuko wapi. Unadhani alikuwa haoni?" Nimeliwaza sana hilo. Alikuwa anaona. Aliuliza ili mtu atoke mwenyewe. Kutolewa ni aibu, ila ukitoka mwenyewe ni mwanzo wa kurudi nyumbani.

Nimekusamehe. Naandika kwa herufi nzito ili lisifutike. Bwana wetu hakungoja tuwe safi ndipo apande msalabani. Mimi ni nani ningoje?

Lakini Joakim, kati yangu na wewe yameisha. Kati yako na Dutwa hayajaisha. Neno ulilolitoa linatembea huko bila wewe. Leo limekaa kwangu, na mimi nina Minza wa kunipokea. Kesho litakaa kwa Nyanjige. Naye macho yake ni mekundu kama yangu, tumepikia moshi mmoja. Na yeye ndiye amemkanda mkeo! Kesho mtoto akikohoa, watasema alimpaka nini. Yeye hana binti wa kumkimbilia. Mabibi wangapi wameuawa katika nchi yetu kwa neno kama hilo, na waliosema neno wanakula na kulala?

Uliliacha lisemwe mbele ya watu, kalirudishe mbele ya watu. Najua Masunga atakasirika, na kazi yako iko kiwanjani kwake. Nakuombea, na safari hii kwa moyo wote.

Mama yako,
Apolonia


Dutwa,
20 Oktoba 1996

Mama mkwe wangu mpendwa,

Mimi ni Shida. Joakim amejaribu kuandika mara tatu akachana, nikamwambia nipe kalamu. Mimi nilikuwepo, nitakuambia nilivyoona.

Alikaa na barua yako siku nyingi. Kisha Ijumaa alikwenda kwa padre kwenye kitubio, akarudi amevimba macho, akala. Nikasema hili limekwisha. Kumbe!

Jumatatu ilikuwa siku ya mwisho ya mnunuzi yule kupokea pamba, na gulio lilijaa hadi barabarani. Mimi nilikuwa kwenye foleni na mtoto mgongoni. Joakim alikuwa mizani. Nikamwona anasimama, anakwenda kwenye lori, anamwambia dereva neno, anachukua kile kipaza sauti wanachoitia watu. Nilidhani anatangaza bei.

Akasema, "Mimi ni Joakim, mtoto wa Apolonia. Mnasema mama yangu alimuua Novatus. Si kweli. Novatus aliumwa malaria. Mama alitaka kumpeleka hospitali, mimi nikamzuia. Jina lake nililitaja mimi kwa mganga, kwa woga. Mama yangu hana kosa. Kosa ni langu."

Mama, gulio lote liligeuka kumtazama, hata watoto. Baba mdogo Masunga alitoka nyumbani kwake anapiga kelele, "Zima hicho kitu! Umerogwa wewe, mama yako anasema kupitia mdomo wako!" Watu wengine wakaanza kucheka, wengine kurudi nyuma. Joakim alikikaza kipaza sauti mdomoni mpaka kikawa kinapiga mluzi. Akasema, "Baba mdogo, nakuheshimu. Lakini ile siku tulikuwa wawili, na wewe unajua."

Hapo ndipo Nyanjige alipotoka kwenye foleni. Unajua anavyotembea, na fimbo. Alikwenda mpaka mbele, akamtazama Joakim, akasema, "Na mimi je? Juzi mlangoni kwangu nimekuta wamemwaga majivu kunitisha. Macho yangu ni mekundu vilevile. Mimi nani atanisemea?"

Joakim akasema kwenye kipaza sauti, "Mayu, nitakusemea mimi. Atakayekugusa aanze na mimi."

Nyanjige akageuka, akasimama kando yake, akawatazama watu. Kisha Katekista Athanasi akaja akasimama. Kisha mama mmoja wa kanisa lile jingine, wala simjui jina. Kisha mimi, mama, na mtoto mgongoni. Hatukuwa wengi. Lakini hakuna aliyerusha kitu.

Sikufichi, mambo hayajawa mazuri. Kazi ya msimu ujao Joakim ameikosa, baba mdogo amesema hamtaki kiwanjani kwake. Yeye hatusalimii, na watoto wake wanatema mate tukipita. Kuna wanaosema kweli Joakim amerogwa. Lakini hospitali ya Bariadi wiki hii nimekutana na akina mama wawili wa mtaa wa baba mdogo, wameleta watoto wenye homa. Mmoja aliniambia kwa sauti ya chini, "Nilisikia mumeo." Ni hayo tu.

Mama, sasa la kwangu. Mimi nilikuwa najua kwamba walikwenda Ipililo. Nilikuwa nakula chakula chako na najua, na nikakuacha upande basi. Niliogopa kuachika. Nisamehe na mimi.

Mtoto bado hana jina la ubatizo. Tunakungoja wewe. Jiko halikuezuliwa kamwe, liko vile vile.

Mkweo,
Shida


Mwanhuzi,
3 Novemba 1996

Shida mwanangu,

Nimekusamehe kabla sijamaliza mstari. Uliyepanda juu ya lori na mtoto mgongoni, mimi ni nani nikudai ushujaa zaidi?

Mvua zimeanza huku, na huko najua zimewahi. Mashamba hayangoji. Nakuja na basi la Alhamisi. Mwambie Joakim asije kunipokea kwa siri wala asinipitishe njia ya nyuma. Nitashuka kituoni, mchana, nitembee na miguu yangu.

Minza anasema anakuja nami. Nimemkatalia. Ameniambia nikimkatalia atakuja na basi la Ijumaa.

Mama yenu,
Apolonia


Dutwa,
8 Desemba 1996

Dada Minza,

Asante kwa wiki uliyokaa nasi, na asante kwa kunipiga kofi kabla ya kunikumbatia. Shida bado anasimulia.

Unataka habari za mama. Anatoka shambani ananiambia nimepanda mahindi kama mtu anayekimbizwa. Mtoto alibatizwa Jumapili iliyopita, mama akamchagulia jina la Precious, na nilipomuuliza amelitoa wapi akasema kwa mganga kijana wa zahanati ya Mwanhuzi, maana yake ni kitu cha thamani, na kwamba wazee nao wanaruhusiwa kupenda mapya. Nyanjige ndiye aliyemshika mbele ya padre. Mimi nilipokea komunyo siku ile, dada. Miezi minane nilikuwa nimekaa bila. Nilirudi kwenye benchi nikashindwa kuinua uso, na mama akanisukuma kwa kiwiko, "Inua kichwa, watu watadhani umelala."

Usidhani yamekwisha. Wapo wanaovuka njia wakimwona. Usiku nikisikia mbwa natoka nje na fimbo. Na Novatus yuko pale pale moyoni. Padre aliniambia kusamehewa hakumrudishi mtu uliyempoteza, ila kunakurudisha wewe kwa waliobaki. Najifunza hivyo, polepole.

Lakini nikuambie habari ya baba mdogo. Njia ya kwenda shambani inapita mbele ya nyumba yake. Sisi wote tunazunguka. Mama hazunguki. Kila asubuhi anapita na jembe begani, anasimama mbele ya mlango wake, anaita, "Mwangaluka shemeji!" Kimya. Anangoja kidogo, kama mtu aliyejibiwa, kisha anaendelea na safari. Nilimwambia, mama, huyu mtu alitaka uuawe, unamsalimia nini? Akaniambia, "Aliogopa kama wewe ulivyoogopa. Yeye bado yuko kwenye majani. Mtu aliyejificha lazima asikie sauti ikimwita, la sivyo atajuaje pa kutokea?"

Wiki nne ameusalimia mlango uliofungwa. Mimi nilikuwa nimeshakata tamaa kwa niaba yake.

Leo asubuhi amerudi kutoka shambani anacheka peke yake, akaketi akabandua matope miguuni. Shida akamuuliza kuna nini.

"Shemeji leo amekohoa nyuma ya mlango wake," mama akasema.

Kaka yako,
Joakim